Mkungu wa Ndizi Kutoka Lutindi Hadi Kariakoo



Mtumishi anayeishi Dar es Salaam hununua chane ya ndizi, fungu la nyanya na kabichi moja jioni atokapo kazini, akalipa, akaenda zake. Mwalimu aliyepangiwa kazi katika kata ya Lutindi, wilayani Korogwe, hununua ndizi za namna ileile kwa jirani aliyezilima, na mara nyingi huongezewa kidole kimoja au viwili kwa heshima ya ualimu wake. Baina ya bei ya mwalimu yule na bei ya mtumishi huyu pana pengo, na ndani ya pengo hilo wamo watu wengi, magari mengi, mizani isiyotumika, na sheria ambazo wanaozisoma ni wachache. Mazungumzo haya yanahusu pengo hilo.

Wenye elimu hupenda kuzungumza mambo makubwa: viwanda, thamani ya fedha, mikopo ya nchi za nje. Bei ya ndizi huachiwa wanawake wa sokoni. Kosa hilo ni la siku nyingi, na gharama yake hulipwa na pande mbili zisizoonana, yaani mkulima aliyeko mlimani na mfanyakazi aliyeko mjini. Kila mmoja humdhania mwenzake ndiye anayefaidi. Mfanyakazi huona chakula kimepanda bei akasema wakulima sasa wametajirika. Mkulima husikia bei ya mjini akasema watu wa mjini wana fedha za kuchezea. Wote wawili hawasemi kweli, wala hawasemi uongo kwa kukusudia. Hawajalitazama soko kwa karibu, basi.

Anayetaka kulifahamu soko kubwa la chakula kibichi asilipitie mchana. Mchana ni zamu ya mnunuzi wa mafungu, na biashara yenyewe imekwisha kufanyika. Kazi huanza usiku, magari yatokapo bara yakiwa yamefunikwa maturubai na matingo wamelala juu ya mizigo. Kabla injini haijazimwa dalali amekwisha kupanda. Hubonyeza nyanya kwa kidole gumba, hutikisa gunia, huuliza mzigo umetoka wapi na umekaa njiani siku ngapi. Swali hilo la mwisho ndilo hasa analolitaka. Mzigo uliolala njiani siku mbili hauna muda wa kubishana, na mwenye mzigo anajua kwamba dalali anajua. Makuli husubiri chini, vitambaa begani, na gunia likishuka huondoka nalo mbio nusunusu, wakipaza sauti ili wapishwe. Mama lishe amekwisha kubandika chai. Wachuuzi wa rejareja, wengi wao wanawake waliotoka makwao gizani, husimama kando wakingoja bei ya jumla itulie ili wao wagawane tenga moja watu wanne. Ikifika saa mbili asubuhi bei ya siku imekwishaamuliwa, na aliyeilima bidhaa ile, kama hakusafiri nayo, bado yuko shambani akipalilia nyingine.

Vipimo vya soko hilo vinastahili somo peke yake. Nyanya huenda kwa tenga, viazi kwa gunia, maharage kwa debe na kwa sado, ambalo ni kopo la rangi lililostaafu kazi yake ya kwanza. Ndizi huhesabiwa kwa mkungu, na mkungu hauna kilo. Una macho ya dalali tu. Mchicha huenda kwa mafungu, na fungu la asubuhi si fungu la jioni. Wazee wa pwani walikuwa na kibaba, na vibaba viwili vilikuwa kisaga kimoja, na vibaba vinne vilikuwa pishi moja. Mtu aliyepunja pishi alijulikana mtaa mzima. Haifai kuyatukuza ya kale kwa sababu ni ya kale, lakini pishi ilikuwa pishi.

Mfano mkubwa wa soko la namna hiyo katika nchi yetu ni Kariakoo. Jina lenyewe ni kumbukumbu ya wapagazi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliandikisha Waafrika kwa wingi, wengi kwa kulazimishwa, ili wabebe unga, risasi na majeruhi. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi hicho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na pale walipopiga kambi Dar es Salaam baada ya Wajerumani kuondoka mwaka 1916, ulimi wa Kiswahili ukapafanya Kariakoo. Palikuwapo jengo lililoanzwa na Wajerumani kabla ya vita, na baada ya vita likageuzwa kuwa soko. Hivyo mahali palipopewa jina la watu waliobeba chakula cha jeshi pakawa mahali pa watu wanaobeba chakula cha mji. Kuli wa leo pengine hajui kwamba anafanya kazi ndani ya jina la babu yake.

Soko jipya lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lilichorwa na Mtanzania, Ndugu Beda Amuli, mwenyeji wa kusini, miongoni mwa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika ya Mashariki nzima. Mwaka 1974 Bunge lilitunga sheria ya kuunda shirika la kulisimamia, na tarehe 8 Desemba 1975 Mwalimu Nyerere akalifungua rasmi. Ndugu Amuli hakulichora kama ghala. Paa lake lilifanana na miavuli mikubwa iliyopinduliwa, ili hewa ipite huku na huku na maji ya mvua yateremke kwenye tangi lililo chini ya ardhi. Biashara ya jumla iliwekwa shimoni, magari yakishuka huko kupakua, na ya rejareja ikawekwa juu. Kwa maneno mengine, mchoraji aliujua usiku wa soko na mchana wake, akaupa kila mmoja mahali pake.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko hilo liliungua. Serikali ikatoa zaidi ya shilingi bilioni 28 ili likarabatiwe na pembeni yake kujengwe jengo jingine jipya. Watu wengi waliomboleza jengo, nao walikuwa na haki. Lakini jambo moja halikusemwa sana: miji ya Tanzania iliendelea kula. Kwa miaka mingi kabla ya moto ule shehena za jumla zilikuwa zimekwisha kutawanyika, viazi na kabichi zikienda Ilala, ndizi Mabibo, matunda Temeke Stereo, nafaka Tandale, na samaki Feri kama ilivyokuwa siku zote. Soko lilikuwa limehama likaliacha jengo. Ni vizuri kulikumbuka hilo kila halmashauri inapoomba fedha za kujenga soko la kisasa, kwa sababu majengo ya masoko yaliyofunguliwa kwa shangwe, kisha wachuuzi wakarudi kupanga bidhaa zao kando ya barabara, hayako mbali na macho ya yeyote aliyepo hapa.

Sasa na ichukuliwe safari yenyewe, tangu mwanzo wake mlimani.

Lutindi iko katika milima ya Usambara, juu ya nchi tambarare ya Korogwe. Wengi nje ya mkoa wa Tanga huijua kwa hospitali yake ya wagonjwa wa akili, ambayo ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa hospitali ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika ya Mashariki. Wagonjwa huko hushiriki kazi za mikono, na shamba la chai la hospitali ni sehemu ya maisha yao. Chai ni zao lenye bahati: lina kiwanda na lina mnunuzi anayejulikana. Ndizi, magimbi, miwa, maharage na mboga za wakulima wa milimani hazina bahati hiyo. Hukatwa asubuhi, huteremshwa kwa kichwa au kwa pikipiki kwa njia inayotelezesha wakati wa masika, zikafika barabarani au kwenye gulio. Huko ndiko bei ya kwanza hutajwa, na anayeitaja si mwenye mali.

Kutoka gulioni mzigo hufika Korogwe mjini, labda soko la Manundu, ukaliwa palepale. Au huunganishwa na mizigo mingine na kupanda lori. Barabara kuu inayotoka Moshi hupita Mombo, Korogwe na Segera, ikashuka hadi Chalinze na Dar es Salaam. Ni safari ya karibu kilomita 300 kutoka Korogwe, tena ya lami. Kwa hiyo ugumu hauko katika hizo 300. Uko katika zile chache za kwanza, toka shambani hadi kwenye lami, ambazo hazionekani katika ramani ya kitaifa. Lori likikwama hapo siku moja ya mvua, faida ya msimu imekwisha.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mwenye korosho anaweza kungoja. Mwenye ufuta anaweza kuweka ghalani, akapewa stakabadhi, akangojea mnada. Nchi ilitunga sheria ya stakabadhi za ghala mwaka 2005, na mfumo huo, pamoja na malalamiko yake, umewapa baadhi ya wakulima nguvu ya kusema hapana. Mwenye nyanya hawezi kusema hapana. Kila saa inayopita humpunguzia neno. Hata ndizi, ambayo ni mvumilivu kidogo ikiwa mbichi, ikianza kuiva imekwisha kuamua siku ya kuuzwa. Basi anayemnunulia mkulima wa chakula kibichi ananunua vitu viwili kwa bei ya kimoja: zao, na haraka ya mwenye zao. Methali husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la mboga hata kizuri hujitembeza, kikichelewa.

Wapo watakaouliza kwa nini watu wa milimani wasiuze karibu na kwao. Waliuza, tangu zamani. Mlima na tambarare havipati mvua sawa, na kubadilishana chakula baina ya Wasambaa wa juu na Wazigua wa chini ni jambo lililotangulia serikali zote zilizoandikwa vitabuni. Ubadilishanaji huo ulipovunjika, matokeo yalikuwa ya kutisha. Katika miaka ya 1830 njaa ilipoikumba nchi ya Uzigua, ambayo sehemu yake kubwa ndiyo Handeni ya leo, watu walifika pwani wakajitoa wenyewe kwa wafanyabiashara ili wapate kula, wakavushwa baharini. Vizazi vya baadhi yao wako bonde la mto Juba nchini Somalia, na Kizigua chao hakijafa. Hayo si mambo ya hadithi. Ni kipimo cha ukosefu wa chakula mahali ambapo hakuna njia ya kukileta.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Mwaka huohuo wa 1893 ndio mkonge ulipoletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf. Reli haikujengwa kwa ajili ya ndizi. Ilijengwa kwa ajili ya mkonge, kahawa na mbao, na vituo vyake vikawekwa pale mashamba ya walowezi yalipotaka. Lakini manamba waliotoka mbali kukata mkonge walipaswa kula, na waliowalisha ni wakulima wa karibu. Hivyo mkulima wa Usambara alijifunza mapema kwamba chakula kinaweza kuwa fedha. Alijifunza pia kwamba anayepanga bei ni yule mwenye njia ya kusafirisha.

Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Chama na Serikali vilikusudia kumwondoa mtu wa kati. Nia hiyo haikuwa na dosari. Utekelezaji wake unahitaji kusemwa bila kuficha. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kazi ya kununua nafaka ikawa ya Shirika la Usagishaji la Taifa. Shirika hilo lilipanga bei moja, likachelewa kulipa, na mara nyingine likachelewa hata kuchukua. Kwa mahindi, kuchelewa ni hasara. Kwa mboga kungekuwa ni kuoza moja kwa moja, na ndiyo maana mboga na matunda hayakuweza kamwe kuingizwa vizuri katika mpango ule. Mahindi nayo yaliwekewa vizuizi njiani. Mtu aliyembebea mama yake debe chache kutoka mkoa mmoja hadi mwingine alionekana mlanguzi, na walanguzi wenyewe walipita usiku. Ilipofika mwaka 1984 Serikali ikaruhusu mtu kusafirisha hadi kilo 500 bila kibali, na mwaka 1987 mpaka huo nao ukaondolewa. Vyama vya ushirika vilikuwa vimerudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini imani iliyovunjika mwaka 1976 haikurudi kwa sheria.

Vizuizi vilipoondolewa alirudi mtu wa kati, safari hii bila ya kujificha. Ni lazima atendewe haki naye. Dalali anayemjua kila mnunuzi wa Ilala, mwenye lori anayethubutu njia ya mlimani mwezi wa Aprili, hao wanafanya kazi, na kazi ina ujira. Mkulima mwenye mikungu 20 hawezi kuacha shamba lake akalale sokoni Dar es Salaam siku tatu. Anayewaita wote hao wanyonyaji, kisha akashindwa kusema nani mwingine ataushusha mzigo ule, hajasema kitu. Unyonyaji upo, lakini una jina lake mahususi, na jina hilo ni lumbesa.

Kila mmoja hapa ameiona lumbesa hata kama hakuijua jina. Ni gunia lililoshonewa kilemba: likishajaa mpaka mdomoni huongezwa juu yake mzigo mwingine, ukafungwa kwa kamba na wavu hata gunia likawa na kichwa na mabega. Bei iliyopatanwa ni ya gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inaikataza, na kiwango kilichotangazwa ni gunia lisilozidi kilo 100. Na lifanywe hesabu la darasani. Mkulima ana magunia 10 ya viazi. Mnunuzi ameyajaza kilo 130 kila moja. Amelipia kilo 1,000 na kuchukua kilo 1,300. Magunia matatu yameondoka bila jina. Yakifika mjini yanafunguliwa, yanapimwa kwa mizani au kwa sado, na yale matatu huzaliwa upya na kuuzwa kama ndugu zao. Mlaji hakupunguziwa hata senti moja.

Hesabu hiyo ina sehemu ya pili ambayo watumishi wa halmashauri wanapaswa kuitazama kwa makini zaidi. Ushuru wa mazao unapotozwa kwa kuhesabu magunia, magunia 13 yaliyojificha ndani ya 10 hulipiwa kama 10. Kwa hiyo lumbesa humwibia mkulima, kisha huiibia halmashauri, na humvunja mgongo kuli anayebeba kilo 130 kwa ujira wa gunia moja. Mtumishi anayeisimamisha lumbesa getini, akaichungulia, akapokea ushuru wa gunia moja na kuinua mti, ametia sahihi hasara ya mwajiri wake mwenyewe.

Kwa nini basi mkulima hukubali? Jibu limekwisha kutolewa: hana muda. Mnunuzi akikataliwa na nyumba hii huenda nyumba ya pili, na kata moja ikishikamana kukataa peke yake, yeye huhamia kata jirani. Ndiyo maana amri za kupiga marufuku lumbesa zimetolewa mara nyingi na lumbesa bado inasafiri. Amri inayotolewa mahali pamoja humwadhibu anayeitii.

Upo pia ushuru wenyewe. Katika bajeti ya mwaka 2017/18 Serikali ilipunguza ushuru wa mazao, uliokuwa asilimia 5, ukawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Jambo kubwa zaidi ni kwamba ilitangaza kuwa mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine usitozwe. Tani moja ni magunia 10 ya halali. Mkulima mdogo ndiye aliyelengwa na uamuzi huo. Lakini uamuzi wa Bungeni husafiri polepole kuliko lori. Mwenye magunia manne ambaye hajui kama ipo haki hiyo atalipa atakachoambiwa, na asipopewa stakabadhi hataidai. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na safari hii daftari si la muuzaji, ni la mkusanya ushuru.

Inafaa kutazama nje kidogo. Nchini Thailand, mwaka huohuo wa 1974 ambao Bunge letu lilitunga sheria ya shirika la Kariakoo, serikali ya huko iliunda shirika la masoko kwa ajili ya wakulima chini ya wizara ya kilimo. Soko la shirika hilo mjini Bangkok, linaloitwa Or Tor Kor kwa herufi za jina lake, husifiwa na wageni kwa usafi na kwa matunda yaliyopangwa kama mapambo. Bei zake ni za watu wenye nafasi, na mtumishi wa kawaida wa huko hununua kwingine. Lakini nje ya mji, katika mkoa wa Pathum Thani, liko soko la jumla la Talaad Thai, lililofunguliwa miaka ya 1990, na hilo ndilo lenye mafunzo zaidi kwetu. Ni soko la watu binafsi, kubwa kama mji, na kila aina ya zao ina eneo lake. Machungwa hayachanganywi na samaki, wala chungwa kubwa halichanganywi na dogo. Mzigo ukipangwa kwa daraja, anayeuza kizuri halipwi bei ya kibaya. Gunia la lumbesa ni kinyume kabisa cha mpango huo, kwa kuwa ndani yake kikubwa, kidogo na kilichooza vyote vina bei moja.

Karibu zaidi na kwetu, machungwa ya Muheza yamekuwa yakivuka Horohoro kwenda soko la Kongowea, Mombasa. Wanunuzi kutoka Kenya wamekuwa wakifika hadi shambani na kununua matunda yangali mtini. Mwenye shida ya ada au ya matibabu huuza mti mzima kwa bei ya siku ile, na machungwa yakiiva ni mali ya mtu mwingine. Hapa napo kilichonunuliwa ni haraka. Hakuna uhalifu wowote, wala mpaka hauna kosa. Chama cha ushirika chenye mfuko mdogo wa kumkopesha mwanachama wakati wa ada kingezuia mauzo mengi ya namna hiyo kuliko kikosi cha askari.

Baada ya hayo yote mwalimu na mtumishi watauliza wao wafanye nini, kwani wao hawana malori. Mwalimu ana darasa. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule nyingi zilipata shamba na jembe, na baadaye mwanafunzi akaliona jembe kuwa adhabu. Kilichosahauliwa kilikuwa mizani. Mtoto wa darasa la sita katika shule ya mlimani anaweza kupima mkungu wa baba yake, akagawanya bei kwa kilo, akalinganisha na bei ya Korogwe aliyoisikia kwa simu ya shangazi yake. Hesabu hiyo ina desimali, ina asilimia, ina kutoa na kuzidisha, na jibu lake linahusu nyumba yake. Mtoto akirudi nayo jioni, mzazi ataisikiliza kuliko mhadhara wa afisa yeyote.

Mtumishi wa kata ana ubao wa matangazo. Kwa kawaida ubao huo una tangazo la mkutano uliopita, picha ya kampeni ya chanjo na orodha iliyofifia kwa jua. Bei za Manundu, za Mgandini mjini Tanga na za Ilala zinaweza kupatikana kwa simu jioni moja kabla ya gulio, zikaandikwa kwa chaki. Dalali hatakasirika, ataanza tu kutaja bei nyingine. Bwana shamba na bibi shamba wanaweza kuwaonyesha wakulima namna ya kupishanisha siku za kupanda, ili mtaa mzima usivune kabichi wiki moja na kuiua bei wenyewe. Watendaji wa kata zinazopakana, za Korogwe na za Handeni, wanaweza kukubaliana siku moja ya kuikataa lumbesa, wote kwa pamoja, ili mnunuzi asipate pa kuhamia. Barua ya namna hiyo haihitaji fedha za wafadhili.

Na kuhusu mizani, ipo mahali pengi, imenunuliwa kwa fedha za umma, imefunikwa gunia katika chumba cha nyuma. Gulio huanza alfajiri, na kufikia saa tatu biashara kubwa imekwisha. Ofisi hufunguliwa saa moja na nusu, kama mwenye ufunguo hakwenda semina. Halmashauri itakayoamua kwamba siku ya gulio mizani iwe imetundikwa kabla jua halijachomoza, na kwamba mwenye zamu alipwe posho ya asubuhi hiyo kutokana na ushuru uleule, inaweza kuanza wiki ijayo.